Siku Halfani Alipomchagua Kocha

Jumatatu, tarehe 17 Februari 2025. Mvua ilikuwa imekatika tangu mwanzoni mwa mwezi, mahindi yalikuwa yameanza kukunja majani, na kufikia saa nne asubuhi jua lilishakuwa kali. Mawingu yalijikusanya upande wa Buigiri, yakabaki huko huko.

Siku hiyo kamati ya Uwanda FC ilikaa kumchagua kocha mkuu. Ilikuwa mara ya nne katika misimu miwili. Timu ilikuwa ya kumi na nne kati ya kumi na sita za Ligi Kuu, ikiwa imebakiwa na mechi tisa. Kocha aliyekuwepo aliondoka Alhamisi bila kuaga. Alituma ujumbe wa simu wa mistari miwili, kisha simu yake haikupatikana tena. Jumamosi timu ilicheza nyumbani chini ya msaidizi wake, Halfani, ikafungwa mabao mawili kwa moja, yote mawili katika dakika za mwisho.

Halfani alikuwa na miaka hamsini na sita. Alizaliwa Bereko, huko Kondoa, akaja Dodoma kijana, akacheza beki wa kushoto katika timu za mkoa mpaka goti likamkataa. Uwanda walimchukua kuwa kocha msaidizi timu ikiwa bado daraja la chini, na hiyo ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Makocha wakuu walipita, yeye akabaki. Kila mmoja alipoondoka, Halfani alikabidhiwa timu kwa wiki mbili au tatu, na kila mgeni alipofika, alimkabidhi filimbi na kurudi kukaa pembeni. Kocha mkuu hakuweza kuwa, kwa sababu hakuwa na cheti cha daraja linalotakiwa. Mwaka mmoja alipelekwa kozi. Wiki ya pili kocha wa wakati huo alimpigia simu kwamba mambo kambini yamemshinda, naye akafunga begi akarudi. Kozi hiyo hakuimaliza.

Asubuhi hiyo alifika ofisini wa kwanza, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Hakuwa ameitwa kusailiwa. Alikuwa ameitwa kusaili.

"Sisi tunajua kuuliza mtu amesoma wapi," mwenyekiti, Meshack, alimwambia. Meshack ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu mnene mwenye sauti ya chini. "Mambo ya mpira wenyewe uliza wewe, Mwalimu."

"Kuna majina mangapi?"

"Matatu. Ila mmoja amesaini kwingine leo asubuhi. Nimeona kwenye simu."

"Basi mawili," Halfani akasema, akavuta kiti.

Wajumbe walikuwa wanne: Meshack, Mama Paskazia ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu, na wengine wawili ambao hawakuzungumza sana. Mimi niliandika kumbukumbu. Mezani palikuwa na sahani ya zabibu ambazo Mama Paskazia alizichuma shambani kwake. Feni ya darini ilikuwa ikizunguka polepole bila kuleta upepo.

Wa kwanza aliingia Elisha, mwenyeji wa Kibakwe, mtu wa miaka hamsini na kitu mwenye bahasha ya kaki iliyojaa vyeti. "Mbukwenyi," alisalimia kwa Kigogo akiwa mlangoni, na Meshack, aliyekuwa amejiinamia, akainua kichwa na kuitikia kwa furaha. Elisha alikuwa amefundisha timu nane. Alizitaja zote kwa mpangilio, na kwa kila moja alieleza kwa nini kuondoka hakukuwa kosa lake.

Halfani alikuwa na swali moja tu, aliloliandika kwenye karatasi ndogo. "Ukikabidhiwa timu keshokutwa Jumatano, na Jumamosi kuna mechi ugenini, hiyo Jumatano utafanya nini?"

"Kwanza nidhamu," Elisha akajibu. "Nitakaa nao, nitawaambia ukweli. Halafu tunakimbia. Wachezaji wa siku hizi pumzi hawana. Milima ipo, mchanga upo, tunakimbia asubuhi na jioni."

"Na benchi la ufundi?" aliuliza Mama Paskazia.

"Mimi sina makuu, Mama. Nitakaowakuta ndio hao hao. Mwalimu Halfani ni ndugu yangu, tutafanya kazi."

Akamwangalia Halfani na kutabasamu, na Halfani akaitikia kwa kichwa. Elisha alipotoka, Meshack alisukuma sahani ya zabibu katikati ya meza. "Huyu mtu wa watu," alisema. "Hatatusumbua."

Wa pili alikuwa Zaidi, kijana wa miaka thelathini na tisa kutoka Singida, mwembamba, mwenye begi la mgongoni. Alipoingia alizunguka meza nzima akisalimia. Alipofika kwa Halfani aliinama kidogo, akasema, "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Karibu ukae."

Vyeti vyake vilikuwa sawa. Timu alizofundisha ni mbili tu, moja aliipandisha daraja, nyingine alifukuzwa. "Kwa nini?" Meshack akauliza. "Tulifungwa," Zaidi akasema. Mjumbe mmoja alicheka, akajifanya kukohoa.

Halfani alisoma swali lake vile vile lilivyoandikwa.

"Jumatano siwakimbizi," Zaidi akasema.

"Kwa nini?"

"Wamechoka, mzee. Jumamosi nilikuja, nikakata tiketi ya mzunguko nikakaa kule kwenye jua. Beki wenu wa kulia alianza kushika paja dakika ya hamsini na tano. Viungo wote wawili, mpira ukitoka nje walikuwa wanashika magoti. Mpaka dakika ya sabini mnacheza vizuri kuliko wale wengine, baada ya hapo timu nzima inarudi nyuma hatua kumi na hakuna aliyewaambia warudi. Ile si nidhamu. Miili imekataa. Nikiwapata Jumatano watatembea, watanyooshwa, watalala. Alhamisi ndiyo nitaanza kazi."

Halfani hakuandika kitu. Alikuwa ameshika kalamu, lakini kifuniko chake hakukifungua.

"Benchi la ufundi?" Mama Paskazia akauliza, kama alivyomuuliza yule wa kwanza.

Zaidi akajibu: "Nakuja na msaidizi wangu. Tuko pamoja miaka sita, nikifumba macho najua anafikiri nini. Bila yeye siji." Akamgeukia Halfani. "Mzee wangu, sina ubaya na wewe. Lakini nikikudanganya leo nitakuaibisha keshokutwa mbele ya wachezaji."

"Nimekuelewa," Halfani akasema.

Kijana alipotoka nje kusubiri kwenye kibaraza, kamati ilipiga kura kwa kunyoosha mikono. Meshack na mjumbe mmoja walimtaka Elisha. Mama Paskazia na mwingine walimtaka Zaidi. Wakahesabu tena, kana kwamba mikono ingeongezeka.

"Mbili kwa mbili," Meshack akasema, akajifuta jasho. "Basi aseme Mwalimu Halfani. Tulimwita kwa ajili hiyo." Kisha akaongeza, sauti ikiwa chini zaidi, "Na hapa hakuna ugumu, Mwalimu. Ukisema Elisha, wewe unabaki, sisi tunabaki, mambo yanaendelea."

"Meshack, usimtafunie," Mama Paskazia akasema.

"Namtafunia nini? Nasema kilichopo."

"Na nikisema yule mwingine?" Halfani akauliza.

Meshack akatazama feni. "Tutakutafutia nafasi kwa vijana."

"Timu ya vijana haina hata mpira, Mwenyekiti."

"Ndiyo maana nimesema tutatafuta."

Halfani aliomba aende akaswali adhuhuri kwanza. Msikiti uko hatua mia mbili kutoka ofisini. Alikaa huko muda mrefu kuliko kawaida ya sala, na aliporudi alikuwa na vumbi kwenye viatu, maana alikuwa amezunguka kwa nyuma, kwa njia ndefu. Hakuketi.

"Mchukueni Zaidi," akasema.

"Unajua maana yake kwako?" Mama Paskazia akamuuliza.

"Najua."

"Basi tueleze, iandikwe."

Halfani alizungumza akitazama meza. Alisema kwamba tangu Novemba alikuwa anaona wachezaji wamechoka. Aliwaona wakivuta miguu kwenye mazoezi ya asubuhi, aliwaona wakilala kwenye viti kabla basi halijatoka uwanjani. Walikimbizwa jioni, walikimbizwa alfajiri, na kila wakifungwa waliongezewa. Makocha wawili wamepita hapo katikati, naye hakumwambia hata mmoja wao. Alikuwa amezoea hivyo: msaidizi hamsahihishi mkuu wake, anasubiri aulizwe. Hakuulizwa. Na Jumamosi, alipoachiwa timu mwenyewe, aliwapasha moto kwa mazoezi yale yale ya aliyeondoka, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kwenye ratiba.

"Mimi niko nao kila siku nikanyamaza," alisema. "Huyu amekaa juani dakika tisini, ameyasema yote. Nikiwaambia mchukue mwingine, nitakuwa nachagua kiti changu, sichagui kocha. Na huyo Elisha atawakimbiza. Ameshasema."

Meshack alimwita Zaidi kutoka kibarazani na kumpa mkono. Wakakubaliana aripoti Jumatano asubuhi pamoja na mtu wake. Zaidi alipomfikia Halfani alitaka kusema neno. Halfani akamtangulia: "Beki wa kulia ana jeraha la zamani, si la Jumamosi. Mpeleke hospitali kabla hujampanga."

"Nitampeleka, mzee."

"Haya."

Alirudi nyumbani Chang'ombe kwa miguu. Mkewe, Sikudhani, hushona sare za shule, na alimkuta barazani nyuma ya cherehani, amezungukwa na vipande vya nyuzi za bluu. Mazungumzo yao alinisimulia mwenyewe baadaye, bila kuongeza chumvi, maana hana tabia hiyo.

"Wamekupa?" Sikudhani akauliza.

"Mimi sikuwa kwenye majina."

"Sasa shati la kupiga pasi la nini?"

"Nilikwenda kuwachagulia."

"Ukawachagulia?"

"Nimewachagulia."

Sikudhani akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno. "Utakuwa msaidizi wake?"

"Anakuja na msaidizi wake."

Cherehani ikasimama. "Baba Munira. Miaka yote hiyo walikuwa hawajui jinsi ya kukufukuza, umewasaidia."

"Wameshukuru sana," Halfani akasema.

Alicheka kidogo, mkewe hakucheka. Alimtengea chakula, wali uliobaki na mlenda, akakaa mkabala naye akimwangalia anavyokula kama mtu anayetimiza kazi. "Una uchungu?" alimuuliza baadaye.

"Nimechoka. Uchungu labda utakuja nikipumzika."

"Na kama hawa nao watashuka daraja na huyo kijana wao?"

"Wanaweza kushuka. Mechi tisa si nyingi."

"Halafu utasemaje?"

"Nitasema nilimchagua mimi."

Sikudhani akaondoa sahani. Hakulizungumza tena jambo hilo siku hiyo, ila jioni alipompelekea jirani sare, alimwambia kwamba mume wake anaacha kazi ya mpira kwa hiari yake, na akalisema kwa namna ambayo jirani hakuthubutu kuuliza zaidi.

Jumanne asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Halfani alikuwa kwenye uwanja wa mazoezi, njia ya Zuzu, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa amepangiwa kuwa pale. Wachezaji walishuka kwenye basi wakiwa wameshapata habari kwenye simu zao. Walijipanga mstari pembeni ya kilima, kama ilivyo desturi, tayari kupanda.

"Leo hamkimbii," aliwaambia. "Mzunguko mmoja kwa kutembea. Kisha mnajinyoosha, mnarudi kambini kulala."

Hakuna aliyeondoka mstarini. Nahodha, Denis, akasogea karibu. "Mwalimu, kocha mpya ndiye ameagiza?"

"Kocha mpya anaripoti kesho."

"Kwa hiyo amri ya nani?"

"Yangu."

Denis alimtazama, akawageukia wenzake na kupiga makofi mara moja. Wakaanza kutembea wawili wawili kuzunguka uwanja, wengine wakipiga soga, wengine kimya. Wawili walilalamika kwamba wangependa walau kucheza kidogo, wakanyamazishwa na wenzao. Beki wa kulia alikuwa wa mwisho. Halfani alimfuata, akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba, akatembea naye mzunguko mzima.