Dobi na Mbwa wa Madoadoa

Mjomba wangu ni dobi, nami humpigia pasi. Kwa miaka thelathini ameyafukuza madoa ya watu: ya chai, ya wino, na mengine ambayo mwenye nguo huona haya kuyataja. Hajawahi kuharibu nguo ya mtu, na hilo hukwambia hata usipomuuliza.

Siku moja daktari wa meno, mteja wetu wa mashati meupe, alikwenda masomoni miezi mitatu akatuachia mbwa wake jike, aliyepandishwa juzi yake tu. Mbwa mweupe, madoadoa meusi mwili mzima, kana kwamba wino umemmwagikia. Mjomba alimzunguka mara mbili, mikono kiunoni.

"Huyu naye ana madoa, halafu nimeambiwa nisiyaguse!"

Asili yake ilitushinda. Daktari alituambia mababu zake walitoka pwani ya Ulaya, wakikimbia kando ya magari ya farasi. Kinyozi wa jirani akabisha kwamba walitoka Bara Hindi, na wala hajawahi kufika huko. Mimi nilijua tu kwamba mjomba alipopanda baiskeli kupeleka nguo, mbwa alishika mbio kando ya gurudumu la nyuma bila kufundishwa na mtu. Asipokimbia, anatafuna viatu. Manyoya yake meupe yalijaa kwenye suti nyeusi za watu. Lakini ukikaa chini tu, kichwa chake kiko pajani mwako, na hasira zako zimekwisha. Kinyozi alisema tangu sinema fulani ya mbwa hao ionyeshwe, kila mwenye ua alimtaka mbwa wa namna hiyo, na wengi wakamchoka kabla ya mwaka kuisha. Hata watoto wa huyu wetu walikwisha kuahidiwa watu.

Wakazaliwa asubuhi moja, saba. Weupe pe! Hakuna hata doa moja.

Mjomba alishika tama. Akatazama watoto, akatazama ndoo ya dawa ya kung'arishia nguo, ambayo mbwa alipenda kulala kando yake.

"Ni mvuke wa dawa," akasema. "Nimewafuta."

"Mjomba jamani, dawa itaingiaje tumboni?"

"Inapenya suruali ya jinzi, itashindwa na tumbo?"

Nilicheka peke yangu. Aliimwaga dawa yote na kurudisha nguo nyeupe za wateja. Kisha akampigia daktari, akakiri kila kitu. Daktari, ambaye naye hakuwahi kuona watoto wa mbwa hao wakiwa wa siku moja, hakuitaka habari ya dawa.

"Hapo amepita mbwa wa mtaani, mzee. Na mimi nilikuamini."

Neno hilo lilimlaza mjomba chali. Dume lililompanda lilikuwa la aina ileile, daktari mwenyewe ndiye aliyelileta. Lakini mjomba alikumbuka kwamba wiki ile ya kwanza aliwahi kusahau kufunga geti. Basi ni geti au ni dawa? Hakujua ajitetee kwa lipi na akiri lipi. Alikaa kwenye kigoda, chakula kinapoa, akiwahesabu wale watoto kama mtu anayetafuta shati lililopotea. Nilimwonea huruma hadi nikakasirika. Mtu amelinda jina lake miaka thelathini, halafu mbwa analichafua kwa usafi!

Siku ya kumi na tatu, watoto wakianza kufumbua macho, aliniita kwa kelele nikaacha pasi juu ya suruali. Alikuwa amempakata mmoja. Nyuma ya sikio palikuwa na kitu cheusi kidogo, kama punje ya pilipili manga.

Mjomba alilowesha kidole gumba kwa mate, akasugua. Akachukua kitambaa chenye sabuni, akasugua taratibu. Akamgeuza, akaona jingine mgongoni. Akamshika wa pili: matatu. Kumbe mbwa hawa huzaliwa weupe, madoa huja baadaye.

Suruali ya mtu ilikuwa inaungua, harufu imejaa chumba kizima, wala hakugeuka. Alitafuta simu, machozi yakimtoka, akampigia mteja wake kumpa habari ambayo hakuna dobi aliyewahi kuitoa kwa furaha.

"Daktari! Madoa yamekataa kutoka!"