Mjane Aliyepokea Sadaka Yake

Nakumbuka Jumapili moja kule ugenini, mtaa wa Turffontein, mwanangu, miaka michache kabla ya korona, mgongo wangu ukiwa bado na nguvu za kubeba cherehani ya chuma.

Tulisali katika ukumbi wa kukodi, wengi wetu Wakongo: wasusi, mafundi nguo, walinzi. Mchungaji wetu alikuwa na hubiri moja tu, kukemea tamaa ya mali, na alilihubiri vizuri hadi watu wakalia. Kisha tulipeleka mbele pete, saa, simu, naye akasema vitauzwa visaidie wajane na yatima. Yeye mwenyewe hakukosa viatu vipya. Tuliona, lakini nani angesema?

Rafiki yangu Mama Sifa, fundi nguo kutoka Bukavu, alikuwa amefiwa na mumewe, na binti yake, Sifa, alisumbuliwa na pumu. Mchungaji akamsimamisha mbele ya watu.

"Mama, mtoto haponi kwa sababu unapenda cherehani yako kuliko Mungu. Ilete."

Cherehani hiyo ndiyo iliyowalisha na kununua dawa. Nilimsihi asiipeleke. Akanijibu, "Dada, nisaidie tu kuibeba." Jumapili iliyofuata tukaibeba, nami nimemnunia njia nzima, maana nilidhani ameogopa.

Tulipoiweka juu ya meza iliyojaa vitu vya watu, akabaki amesimama.

"Pasta, niko na swali. Hii inaenda kwa nani?"

"Kwa wajane na yatima, mama," akajibu kwa upole, kipaza sauti mdomoni ili wote wasikie.

"Asante. Mimi ni mjane." Akamshika binti yake mkono. "Na huyu ni yatima. Tumepokea."

Kisha bibi mmoja wa nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikaenea.

"Tufumbe macho tuombe," mchungaji akasema. Hakuna aliyefumba.

Mjane mwingine akainuka, akachukua pete yake ya ndoa pale mezani. Akafuata wa tatu. Kina mama wakapaza wimbo wa shukrani hadi kipaza sauti kikazidiwa. Tukatoka barabarani tukiimba, cherehani kichwani kwangu, na madereva waliosimama kwenye robot, taa nyekundu ikiwaka, wakatupigia honi.

Mchungaji alihama mtaa. Mama Sifa akafungua duka mtaa wa Observatory, anashona sare za shule. Sifa anatumia dawa za kliniki na siku hizi ananishinda kupanda kilima cha kwenda dukani kwao.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu akikukataza kupenda mali, tazama kwanza anaifanyia nini mali yako. Usimwogope kwa kuwa ameshika Kitabu. Muulize kwa adabu, mbele za watu, swali lililo wazi, kisha mwache ajibu kwa kinywa chake. Na unapotoa, toa kwa mtu unayemwona.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa, na siku ya kuuliza, sauti isiyotetemeka.