Siku Rido Zangu Zilipokutana na Mashangazi

Nawaambia mimi mwenyewe kwa sababu sokoni Kamembe mtayasikia tu, na huko wanaongeza chumvi. Mimi, mwanaume wa miaka arobaini na minne, niliyeishi Uvira, Bujumbura, Goma na Kigali bila kumaliza mwaka popote (kila mji naanza kuupenda nikishauhama, ndiyo kasoro yangu), niliaibishwa na rido mbili, mapazia ya dirisha, nilizoshona kwa mikono yangu.

Nilikuwa na miezi saba katika nyumba ya kupanga Gihundwe, karibu na Kamembe, nikitaka kumuoa Consolata, mwalimu wa shule ya msingi. Ndugu zake walikuwa na neno moja tu juu yangu: huyo hakai. Basi mashangazi wake watatu wakasema watakuja Jumapili, waangalie kama nyumba yangu ni ya mtu anayekaa. Nikatazama dirisha la sebuleni: nilikuwa nimetundika shuka, kama mtu anayeondoka kesho.

Sokoni nikapata kitenge cha njano chenye majogoo ya kijani. Muuzaji akasema ndicho kipande kilichobaki, kingine chote bamama fulani wamekinunua kwa pamoja. Mwenye akili angeuliza bamama gani. Mimi niliuliza kama kinachuja rangi.

Jirani yangu, Fundi Shabani, anayeshonea nusu ya Kamembe, akaniona na kifurushi. "Leta hapa, Damiani, kesho utakuta tayari." Nikamwambia nilijifunza cherehani Uvira (wiki tatu, hilo sikulitaja). Akasema, "Wewe uko muntu wa safari. Kushona banakaa chini." Liliniuma, sikumwonyesha hata kitambaa, nikaenda kuazima cherehani kwa mwenye nyumba.

Nilipima dirisha lilivyo, nikasahau kwamba rido huhitaji mikunjo, ikatoka imekaza kama ngozi ya ngoma, nikaongeza kipande pembeni, kipande kikaja na majogoo miguu juu, nikazishona rido zote mbili pamoja katikati ili kuficha makosa, na upindo wa juu nikaushona fimbo ikiwa tayari ndani (msiniulize kwa nini), ikawa haiendi kulia wala kushoto.

Jumapili mlango ukagongwa. Nikafungua. Mashangazi watatu, na Consolata nyuma yao. Walikuwa wameshona sare kwa heshima ya siku hiyo: njano, majogoo ya kijani.

Waliketi kwenye kochi chini ya dirisha, na kwa mbali uliona vichwa vitatu tu vimechomoza kwenye rido. Mwishowe Maman Speciose, mkubwa wao, akatazama juu, kisha akatazama gauni lake.

"Tulikuya kuona nyumba," akasema. "Kumbe umeshatutundika."

"Na bengine amebageuza kichwa chini," akasema wa pili.

"Shabani hakukuambia?" akauliza wa tatu. "Njo yeye alitushonea."

Nikasema ni heshima (Mungu anisamehe), kwamba nilitaka wajisikie nyumbani.

"Na hii giza, nayo iko heshima?" akauliza Maman Speciose. "Fungua rido, tuone sura ya mwenye kutuheshimu."

Nikavuta, haikwenda. Nikavuta kwa nguvu zote, na fimbo, misumari na vipande vya ukuta vikamwangukia Maman Speciose. Nikaruka kumwokoa, nikawa nakusanya kitambaa, nakunja, navuta, nashangaa kwa nini nacho kinanivuta.

"Papa, acha. Hapo ni miye."

Wale wawili walicheka mpaka wakashikana. Consolata alitoka nje, mkono mdomoni. Maman Speciose peke yake hakucheka. Alijipangusa vumbi la ukuta taratibu.

"Miezi saba," akasema. "Kila siku unapita kwa Shabani, na haujue batu ba hapa banavaa nini. Haukai hapa, Damiani. Unalala tu."

Na kweli, wiki hiyohiyo nilikuwa nimeanza kuikumbuka Goma.

Jumatatu Consolata akaleta ujumbe: Maman Speciose atarudi nikimaliza mwaka katika nyumba hiyohiyo, na rido ashone mwenye kazi yake. La rido niliapa papo hapo, sindano sitaigusa tena hata kwa kifungo. La mwaka ndilo linalonitesa. Sasa nina miezi tisa, bado mitatu. Juzi nilishuka hadi mpakani, nikasimama nikiwatazama watu wanavuka kwenda Bukavu na mabegi yao, kisha nikageuka nikarudi Gihundwe kwa miguu.