Nyumba Aliyoipima Mama

Mimi ni mtu wa ndani. Niliishia kidato cha nne, nashona mapazia sebuleni, na mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba nikijitokeza barabarani mbwa wa mtaani kwetu Miyuji wananibwekea kama mgeni. Aliyenitoa ndani kwenda kutafuta nyumba ya kununua ni yeye mwenyewe.

Figo zake zilikuwa zimechoka, na daktari alishaacha kutuambia habari za kupona. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili. Mwaka ule mpangaji mwenzetu alifiwa na mumewe, mwenye nyumba akakataza turubai lisifungwe uani. Alisema hapa si ukumbi. Waombolezaji wakasimama nje ya geti, jeneza likashushwa na kupakiwa tena kama friji iliyopelekwa nyumba siyo. Mama aliona yote dirishani. Jioni akasema, "Kunizika mtanizika Kongwa kwa baba yenu, sawa. Lakini watu waniagie kwangu. Siyo kwenye geti la mtu."

Tukauza shamba la marehemu baba, na kilichopungua nikaomba mkopo benki. Dada yangu mkubwa akapata nyumba upande wa Kizota. Benki ikamtuma mthamini, akazunguka na kamera, akasema thamani ya nyumba inabeba mkopo. Nikawa tayari kusaini hata kwa dole gumba.

"Huyo kaikagulia benki," dada akaniambia. "Anajua ukishindwa kulipa wataiuza kwa bei gani. Wewe nani amekukagulia?"

Sikujua kuna tofauti. Nilidhani ukaguzi ni ukaguzi tu.

Dada akamtafuta injinia wa majengo, binti mmoja mwenye buti zilizojaa saruji. Siku ya kwenda, mama akakataa kubaki nyumbani. Ilikuwa kiangazi, nyumba imepakwa rangi mpya, inang'aa. Mwenye nyumba hiyo, mzee wa kanzu aliyetaka kuhamia kwa watoto wake, akatutolea viti barazani. Injinia akamwamkia, akaanza kugonga kuta na kuzikodolea macho pembe za madirisha. Kisha akaazima jembe, akachimba kando ya msingi. Udongo ulikuwa mweusi, umepasukapasuka. Akauingiza mkono kwenye ufa mmoja mpaka kiganja chote kikapotea.

"Udongo huu ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa," akasema. "Nyumba inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Na hapa juu ya dirisha kuna ufa umezibwa. Siyo, mzee?"

"Kweli, binti yangu. Nimeuziba, ukarudi. Nikauziba tena."

Mama naye alikuwa na ukaguzi wake. "Injinia, niazime hiyo tepu." Akanishikisha ncha moja, tukapima mlango wa mbele, tukapima korido. "Kona hii nyembamba. Nikifika, nilazwe hapa sebuleni, msinipitishe huko."

"Mama!" dada akaruka.

"Nini? Yeye anapima yake, mimi napima yangu. Na wewe fundi mapazia, nyoosha tepu. Hili siyo dirisha."

Mzee akacheka, halafu akajiziba mdomo.

Mama akamgeukia injinia. "Sasa niambie. Itaanguka?"

"Kuanguka sidhani, mama. Itapasuka. Kwa kiasi gani, siwezi kusema mpaka mvua zinyeshe nione huo ufa unatembea vipi. Ushauri wangu, msubiri."

"Mvua si mpaka Desemba?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi Desemba sina hakika nayo."

Injinia akaangalia buti zake. "Mama yangu, mimi nakagua nyumba tu," akasema taratibu.

Mzee alisema atasubiri, hana haraka. Mwenye haraka alikuwa mmoja tu. Usiku ule mimi na dada tukabishana jikoni kwa kunong'ona. Yeye akasema ni mkopo wa miaka kwa nyumba inayopasuka, na atakayebaki ndani yake ni mimi. Sauti ikatoka chumbani. "Nawasikia. Nunueni, nikishaondoka muiuze."

"Tumuuzie nani, mama, na ufa wake?"

"Kwani wajinga mmebaki ninyi tu?"

Tukacheka mpaka dada akakaa chini. Kisha tukafanya kama injinia alivyosema. Tukasubiri.

Alifariki Oktoba, Dodoma ikiwa vumbi tupu. Mwenye nyumba tuliyopanga aliruhusu mpaka adhuhuri, nje ya geti, bila turubai. Kwaya ikajibana kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Mchungaji alifupisha mahubiri kwa sababu wazee walikuwa wamesimama juani. Tukampakia, tukaondoka kwenda Kongwa.

Mvua ziliponyesha, injinia akapiga simu. Hakuwa amesikia habari za msiba, na mimi kwa uvivu wa kueleza nikasema tuonane hukohuko Kizota. Dada akaja pia. Ufa juu ya dirisha ulikuwa umefunguka, kidole kinaingia, na umeshuka hadi karibu na sakafu. Mlango wa chumba cha nyuma haukufunga tena.

"Umeponea chupuchupu, kaka yangu," injinia akasema, na alikuwa anasema kweli. Dada akashusha pumzi. Mimi nikauangalia ule ukuta. Ulikuwa umepasuka, lakini ulikuwa umesimama.

Mzee akatoka na mwavuli. "Na yule bi mkubwa wa tepu, hajambo?"

Nikamwambia.

Akakaa kwenye ngazi, akasoma dua yake ya kimya. Kisha akasema, "Jamani, si mngeniambia. Turubai mngefunga hapahapa, uwanja wote huu. Ningewapa funguo, mimi nikalala kwa mwanangu."

Nikasema ahsante, mzee. Dada akanivuta shati, tukaondoka, maana mvua ilikuwa inaanza tena na nyumba haikuwa yetu.