Siku Kumi na Tatu Nyuma ya Mlima

Jina la Celedonio Ayala nililifuta mimi mwenyewe, kwa kalamu na rula, maana mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati yetu ya nyumba. Tulikuwa familia arobaini hapa Los Andes, mji wa Chile ulio chini ya mlima, wapangaji wa vyumba vya uani sote. Miaka sita tulicheza bingo na kuuza mikate ya soseji kila Jumapili tupate akiba inayodaiwa ili serikali itujengee. Mwita namba kwenye bingo alikuwa Celedonio. Alizitamka kwa lafudhi ya kwao Paraguay, watu wakacheka, na waliochoka wakarudi kukaa.

Alikuwa dereva wa lori, mtu mfupi mwenye kitambi. Alifanya kazi kampuni moja na mume wangu Hernán: wavuke mlima, wapite Argentina yote, washushe mvinyo Asunción, Paraguay, na kurudi na nyama. Alipanga chumba nyuma ya chetu, na katikati ya Julai, baridi yetu inapokuwa kali, ungemkuta mlangoni anafyonza kwa mrija chai ya majani ya kwao, iliyotiwa maji ya barafu.

"Shemeji, theluji ile pale, nawe unakunywa baridi? Una wazimu?"

"Nyie Wachile mnachemsha kila kitu, shemeji. Ndiyo maana mna hasira."

Mimi nina hasira kweli, sikatai.

Mgeni hapati nyumba ya serikali bila ukaazi wa kudumu. Celedonio alikuwa na kibali cha muda tu, kwa hiyo akaomba. Sharti moja lilisema usiwe umekaa nje ya nchi zaidi ya siku mia na themanini katika mwaka wa mwisho. Tulilisoma sote, halafu tukaendelea na soseji zetu. Lori ni la Chile, tajiri ni wa Chile, kodi anakatwa hapahapa, sasa huyo yuko nje kivipi? Madereva wote walifikiri hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa akisema, "Nikiwa kwenye usukani nipo Chile. Nikishuka kukojoa ndipo naingia Argentina."

Na kwa kuwa hakuwa na mke wala mtoto, alibeba safari za wenzake. Sikukuu za uhuru, Septemba, wao walicheza ngoma na kuchoma nyama, yeye yuko barabarani. Krismasi vilevile. Julai ya mwaka huo mimi nilikuwa katika siku zangu za kujifungua, na zamu ilikuwa ya Hernán. Celedonio akaja jikoni kwetu na funguo za lori mkononi.

"Baki na mkeo, bwana. Mimi nani ananisubiri? Ndoo ya nguo chafu."

Wakati wa kurudi theluji ikafunga njia. Akakwama Uspallata, upande wa pili wa mlima, na mamia ya malori mengine. Kila siku alipiga simu kumuulizia mtoto. Aliporudi alimletea Millaray wangu kofia ya sufu nyekundu, kubwa ajabu.

"Hii ya mtoto au ya sufuria?" nilimuuliza.

"Atakua, shemeji. Kwani ana haraka?"

Machi iliyofuata akaitwa ofisi ya uhamiaji, nikamsindikiza kwa sababu yeye hajui kugombana. Binti wa dirishani hakuwa mbaya. Alitazama kompyuta yake, akatazama pasipoti.

"Siku mia na tisini na tatu nje," alisema. "Zimezidi kumi na tatu."

"Alikuwa kazini!" nikapayuka. "Kazi ya Chile! Barua ya tajiri wake hii hapa, ina mhuri!"

Akaisoma mpaka mwisho. "Ni barua nzuri, mama. Inathibitisha kwamba hakuwepo."

"Na mlima ukifungwa aruke?"

"Aombe tena mwakani."

Nilisema mengi mengine, mengine ya aibu. Celedonio alinishika kiwiko tu na kumshukuru binti yule. Kumshukuru! Ningeweza kumzaba kofi.

Orodha yetu ilikuwa inafungwa baada ya siku tisa. Mwenyekiti alinieleza bila kuniangalia usoni: jina moja lisilo na karatasi likibaki, faili zima la familia arobaini linarudishwa. Nilimpigia diwani, nikampigia tena. Nikaenda hadi kwa padri, ambaye aliahidi kutuombea.

Jioni ile tuliketi jikoni mimi na Celedonio, pasipoti yake mezani, nikaanza kupitia mihuri mmojammoja nikitafuta kosa la ofisi. Sikuliona. Nilichokiona ni Julai. Kutoka, tarehe tisa. Kuingia, tarehe mosi Agosti. Safari ya siku kumi ilikuwa imekula ishirini na tatu, na haikuwa safari yake. Nilihesabu tena kwa vidole, kana kwamba vidole vingenionea huruma.

Alikuwa ananitazama. Alishajua tangu dirishani.

"Funga hiyo, shemeji," alisema. "Na Hernán asiambiwe."

Nikachukua rula.

Nyumba tulipewa miaka mitatu baadaye. Celedonio alipata ukaazi wake mwaka uliofuata ule wa kukataliwa, lakini orodha ilikuwa imeshafungwa, na kamati mpya hazikuundwa tena mjini kwetu. Bado amepanga kilekile chumba cha uani. Nyumba iliyopakana na yetu, iliyokuwa iwe yake, wanakaa watu wazuri tu, wana mbwa wawili. Mimi siwapendi, na hawajanikosea lolote.

Wiki iliyopita baridi iliingia. Hernán aliitoa kofia nyekundu kabatini, chini ya mashuka nilikoifukia, akamvalisha Millaray. Ilimkaa sawasawa.

"Tazama, imemtosha!" alisema. "Kofia ya Cele. Mbona hukuwahi kumvisha?"

Nikamwambia sikujua ilipokuwa.