Mtofaa wa Mama na Lori la Vijana

Mtofaa wetu ulikuwa mmoja tu, na kusema kweli haukuwa na faida. Baba aliuleta ukiwa mche kutoka misheni alikokuwa akitunza bustani, akaupanda kwetu juu ya soko la Kanja, na kwa kuwa hakuna mwingine upande ule aliyekuwa na mti kama huo, tulijiona watu wa maana. Matofaa yenyewe yalikuwa madogo, tena makali ya kukunja uso. Tuliyasifia hivyo hivyo. Kila mwaka yalipoiva, Mama alitenga siku nzima, tukaenda sote na vyondo.

Kuchuma kulikuwa na sheria zake. Wasichana hatukupanda miti, kwa hiyo mimi nilizaliwa kuokota, jambo ambalo sijaacha kulinung'unikia. Mvulana alipanda hadi alipotahiriwa. Akishatahiriwa ni mwanamume, na mwanamume hapandi mti mama yake akiwa amesimama chini. Ni aibu ya kubeba mpaka kaburini. Basi kaka zangu wakatoka mtini mmoja baada ya mwingine. Mkubwa alipotahiriwa alianza kusimama kando, mikono nyuma, akitoa maagizo kwa sauti nzito aliyoipata juzi juzi. Wa pili naye akaenda kumsaidia kutoa maagizo. Tukawa na wasimamizi wengi kuliko wachumaji.

Hali ya Hatari, iliyotangazwa na wakoloni kupambana na wapiganaji wa msituni, ikatupunguzia wasimamizi. Mkubwa alipelekwa kizuizini, wa pili akaingia msituni, na Baba hatukujua yuko wapi. Sisi tuliobaki tulihamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki, tukaambiwa ni kwa usalama wetu. Tulikuwa salama kiasi kwamba tulihitaji ruhusa kwenda kuchimba viazi vyetu wenyewe.

Kaka yangu wa tatu, aliyenitangulia kuzaliwa, alitahiriwa humo kijijini pamoja na vijana wenzake wachache, kimya kimya, maana ngoma zilikuwa zimepigwa marufuku. Alikuwa mfupi, mwembamba, bila hata unywele mmoja kidevuni, lakini alipopona alitembea kama mwenye nchi.

Matofaa yalipoiva, Mama aliomba ruhusa, tukaenda watatu kwenye boma letu la zamani. Hakukuwa tena na mtoto wa kupanda, kwa hiyo kaka yangu aliyaangusha kwa ufito, na yakapondeka. Tukiwa katika kazi hiyo, lori lilisimama barabarani. Ndani waliketi vijana wa rika lake, waliokamatwa asubuhi ile kwenye kazi ya lazima. Amri ilikuwa kwamba kila kijana aliyetahiriwa achukuliwe, na watoto waachwe. Hom gadi mmoja, askari mgambo wa serikali kutoka ng'ambo ya mto asiyetujua, alishuka na bunduki yake.

“Huyu ametahiriwa?” alimuuliza Mama.

Angeweza kumvua nguo akajionea, lakini kumvua kijana nguo mbele ya mama yake ni laana, na hom gadi naye alilelewa kama sisi. Mama alilijua hilo, akasogea karibu zaidi. Alikuwa mwanamke wa kanisa na hasemi uongo. Alimgeukia kaka yangu kwa sauti ya kuchoka.

“Wewe mtoto, unangoja nini? Panda, jua linaenda.”

Kaka yangu alitazama lorini. Wote walikuwa wakimtazama. Niliogopa, na si bunduki niliyoiogopa. Niliogopa kwamba atakataa, kwa sababu alikuwa na kiburi chote cha ukoo wetu. Aliuweka ufito chini, akaushika mti, akapanda. Mama alisimama chini yake kabisa, ametandaza shuka lake ayadake matofaa.

Hom gadi alimtazama kidogo. “Ni mtoto tu,” akasema, akarudi zake. Lorini, neno moja lingetosha kummaliza kaka yangu, na hakuna aliyelisema.

Lori liliondoka, naye akaendelea kuchuma, mpaka mabichi. Alipoteremka hakumtazama Mama. Jioni Mama alimpakulia wa kwanza, kama apakuliwavyo mwanamume. Hakula. Nilimpenda Mama sana siku ile, na nilimwonea kaka yangu huruma nisiyojua niiweke wapi.

Hali ilipolegea, wenzake walianza kurudi, si wote. Kila aliporudi mmoja, kaka yangu alikumbuka ana shughuli mahali pengine. Kisha siku moja akaja yule aliyekuwa rafiki yake zaidi, akiburuta mguu, na safari hii kaka yangu hakupata pa kwenda. Alitoka ndani akasimama mbele yake akingoja hukumu. Mgeni alimaliza uji aliopewa na Mama, akajifuta mdomo.

“Ule mti ulikuwa na matawi mengi,” akasema. “Mbona hukutuita?”

Alikuwa akitabasamu. Kaka yangu aliketi chini, akalia mbele ya Mama.