Kadi ya Ndoo

Nimeombwa mara nyingi nimsamehe yule bwana. Mama yangu ameniomba, mchungaji ameniomba, hata mume wangu, ambaye refa wa mpira tu hajawahi kumsamehe. Nimekataa, na sijutii.

Alikuwa mkubwa wangu katika ofisi ndogo ya utafiti wa masoko pale Makambako. Kiwanda kimoja cha maziwa kilitaka kujua watu wa Njombe wauziwe mtindi wa namna gani, tukapewa kazi. Njia tuliyotumia wataalamu wanaiita konjointi. Humuulizi mtu anapenda nini, maana atakujibu kwa adabu. Unampa kadi mbili: hii mtindi wa kifuko, mtamu, bei ndogo, hii mtindi wa ndoo yenye mfuniko, usio na sukari, bei kubwa. Anachagua, unabadilisha kadi, anachagua tena, mpaka unajua yuko tayari kuacha nini ili apate nini. Sharti lake ni kwamba kila mtu achague peke yake.

Mkubwa wangu hakuwa na muda wa sharti. Tulipofika kijiji cha Yakobi aliwakusanya kina mama ishirini kwenye ukumbi wa usharika, akawaambia wanyanyue kadi kwa pamoja. Mbele alikaa bibi mwenyekiti wao, mjane anayeishi peke yake. Akanyanyua kifuko. Ukumbi mzima ukanyanyua kifuko. Kadi zikabadilishwa, wote wakamtazama bibi kwanza, kisha wakamfuata. Kwetu mkubwa akishaonyesha mbele ya mgeni, mdogo haonyeshi tofauti, ataonekana hakulelewa.

Nilimvuta pembeni. "Bosi, hapa tumemhoji mtu mmoja tu."

"Wewe kazi yako kubeba kadi," akasema kwa sauti, kina mama wakasikia. "Mtoto wa kuswaga ng'ombe ndiye anifundishe takwimu?"

Kiwanda kikafungasha mtindi kwenye vifuko, ukaozea madukani. Wenyewe walipokuja juu, mkubwa wangu akawaonyesha fomu ishirini tulizojaza Yakobi, zote zinafanana, akasema nilizijaza mwenyewe nimekaa nyumbani. Kwa mdadisi, mtu anayekula kwa kuhoji watu na kujaza fomu, hilo ni kama mpishi kusingiziwa sumu. Nilifukuzwa, na kila ofisi niliyobisha hodi, kuanzia Njombe mjini mpaka Iwawa, walikuwa wameshasikia habari zangu. Sikuwa na kingine cha kuombea kazi zaidi ya jina langu, naye alilichafua. Nilimchukia. Nilikuwa namenya viazi huku namchukia.

Nikakata kadi zangu kwenye maboksi ya sabuni, nikarudi Yakobi kwa kina mama walewale. Safari hii niliwafuata jikoni, mmoja mmoja, mlango umerudishwa. "Kamwene, mama," nikawasalimia kwa lugha ya nyumbani. Nilikaa kwenye kigoda, tukasubiri moshi upungue, nikatandaza kadi. Karibu wote walichagua ndoo, hata nilipoipandisha bei. Mmoja alinicheka kabisa.

"Maziwa yakiisha, kifuko si unatupa? Ndoo unawekea chumvi mpaka mjukuu aolewe."

Nikamuuliza mbona siku ile ukumbini alinyanyua kifuko.

"Nimpinge bibi mbele za wageni, mwanangu?"

Nikamwandikia barua mkurugenzi wa kiwanda, mama mmoja mkali wa Lyamkena, nikamweleza yote. Akatuita sote wawili mbele ya wakuu wake wa idara. Mkubwa wangu alikuja na tai mpya, akanisalimia huku anacheka. Sikubishana wala sikulia. Niliomba dakika tano tu, nikampa kila mtu kadi mbili, ya kifuko na ya ndoo, mkubwa wangu pia, nikasema kila mmoja anyanyue ile anayoipenda.

Mama mkurugenzi akanyanyua ndoo. Wakuu wa idara wakamtazama, nao wakanyanyua ndoo. Mhasibu, ambaye alikuwa ameshashika kifuko, akakirudisha mezani taratibu.

"Na mtaalamu wetu je?" mkurugenzi akauliza.

Mkubwa wangu akatabasamu, akanyanyua ndoo juu kuliko wote. "Hii, mama. Hii haina ubishi."

Alipogundua alichofanya, mkono ulikuwa bado juu. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane macho yake yaliniomba kitu. Ningeweza kunyamaza. Kila aliyekuwa mle ndani alikuwa ameshaelewa jinsi fomu ishirini zinavyoweza kufanana bila mtu kughushi, na jina langu nilikuwa nimeshalipata. Lakini sikuwa nimefuata jina tu. Nikafungua ripoti yake kwenye ukurasa wa matokeo, nikasoma polepole kama msomaji wa somo kanisani: "Mtindi wa ndoo hauna mnunuzi." Nikasoma na jina lake pale chini. Kisha nikatoa kalamu na fomu.

"Usishushe mkono, bosi," nikamwambia. "Sijamaliza kuandika."